Tini za Mfalme Hezekia: Jinsi ya Kumsaidia Mgonjwa wa Muda Mrefu

Katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 20, tunasoma habari ya Hezekia, mfalme wa Yuda. Mfalme huyo aliugua ugonjwa wa kufa. Nabii Isaya akamjia na kumwambia atengeneze mambo ya nyumba yake, maana siku zake zimekwisha. Hezekia akaugeukia ukuta, akasali, akalia sana. Kabla nabii hajavuka ua wa kati, Mungu alimrudisha na habari nyingine: sala imesikiwa, machozi yameonekana, mfalme ataongezewa miaka 15, na siku ya tatu atapanda mwenyewe kwenda nyumba ya Bwana.

Sasa angalieni jambo linalofuata, ambalo wengi wetu hulipita upesi tunaposoma. Isaya, akiisha kutoa ahadi hiyo kubwa, aliagiza waandae mkate wa tini na kuuweka juu ya jipu la mfalme. Je, Mungu alihitaji tini? La, hasha. Yeye aliyeumba mbingu na nchi angeweza kumponya Hezekia bila kitu chochote. Lakini alipenda sala ya mgonjwa, neno la nabii na dawa ya kubandika vikutane penye kitanda kimoja. Wala hatusomi kwamba mtu yeyote wa jumba lile alimwambia mfalme: ukikubali tini hizi, huna imani.

Nimemtaja Hezekia kwa sababu ya ugomvi ninaousikia mara nyingi katika nyumba za wagonjwa hapa Kalemie. Baba wa nyumba amepatwa na kiharusi, upande mmoja wa mwili umelala, na ndugu wamekusanyika uani. Mjomba anasema: arudishwe hospitali. Shangazi anasema: huu si ugonjwa wa hospitali, aletwe mtu wa kumkanda na kumpa dawa za miti. Jirani anasema: aletwe kwenye maombi, na vidonge vyote vitupwe, maana vidonge ni alama ya shaka. Kila mmoja anavuta upande wake, na mgonjwa mwenyewe, ambaye mara nyingi anasikia kila neno ingawa hawezi kujibu, hakuna anayemwuliza. Wiki zinapita, mkono unakauka, mguu unakakamaa, mgongo unapata vidonda. Mtu aliyeweza kusimama tena halisimamishi mwili wake kamwe, si kwa sababu dawa ilikosekana, bali kwa sababu watu waliompenda hawakuelewana.

Tuseme kwanza ni magonjwa gani tunayoyazungumzia. Homa ya malaria huja na kuondoka. Ukitibiwa vema, umemaliza. Lakini kuna magonjwa yanayohamia kwa mtu na kukaa naye: presha na kiharusi kinachotokana nayo, ugonjwa wa sukari, baridi yabisi ya magoti na vidole, madhara ya polio, madhara ya ukoma. Kwa magonjwa hayo mganga wa hospitali hasemi tu, nimekuponya, nenda. Husema, tutakwenda pamoja. Na kazi kubwa huwa ni kuvirudishia viungo nguvu na mazoea yao, ili mtu aweze kujilisha, kujiosha, kwenda kanisani na kufanya kazi hata kama ugonjwa wenyewe haukutoka. Kazi hiyo haifanywi na mtu mmoja wala kwa dawa ya namna moja. Ndiyo maana siku hizi katika nchi nyingi waganga wenye elimu hawaoni haya kuunganisha vidonge na mazoezi ya viungo, kukanda mwili, maji ya uvuguvugu, muziki, na hata sala ya mgonjwa. Wazee wa China wana mazoezi yao ya polepole, ya kuhamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine, na hospitali za Ulaya na Marekani zimeyapokea kwa sababu yanawapunguzia wazee kuanguka.

Kwa hiyo swali la Mkristu si hili: hospitali, au mikono ya nyumbani, au sala? Swali ni hili: vitu hivyo vitakaaje pamoja bila kimoja kukiharibu kingine?

Nianze na vidonge, maana hapo ndipo watu wanapokufa. Mwenye presha akiacha dawa kwa sababu anajisikia vizuri, au kwa sababu amekatazwa na mtu wa maombi, damu yake inaendelea kusukuma kwa nguvu ile ile iliyompiga mara ya kwanza, na kiharusi cha pili huwa kibaya kuliko cha kwanza. Mwenye sukari anayehitaji sindano za insulini akiziacha, anaweza kufa katika siku chache. Mwana wa Sira, katika sura ya 38, anatufundisha kumheshimu mganga, maana Mungu ndiye aliyemweka, na kwamba dawa zimetoka katika ardhi kwa mapenzi yake. Tena anatuagiza tukiugua tusali, tutubu, kisha tumpe mganga nafasi yake. Anayewaamuru wagonjwa watupe dawa zao kwa jina la Yezu hajalisoma neno hilo, au amelisoma na kulificha. Nasema hivi bila kuogopa kumchukiza mtu.

Tuje sasa kwenye mikono. Kukanda ni kitu chema. Mikono yenye mafuta ya mawese, ikienda polepole juu ya misuli iliyokaza, huleta usingizi, hupunguza maumivu, tena humwambia mgonjwa kwamba mwili wake haujawa kitu cha kuchukiza. Msamaria mwema hakumwachia mtu aliyejeruhiwa maneno matupu. Alimwinamia, akatia mafuta na divai. Papa Yohane Paulo II, katika barua yake ya mwaka 1984 juu ya mateso ya mwanadamu, alimtolea Msamaria huyo sura nzima.

Lakini mikono isiyojua huvunja. Mkono uliopooza kwa kiharusi hauna misuli ya kulishika bega, na bega limening'inia kama mlango uliolegea bawaba. Ukimvuta mgonjwa kwa mkono huo ili aketi, unalitegua bega lake, na maumivu hayo yatamzuia kufanya mazoezi kwa miezi mingi. Mshikeni nyuma ya mabega na kiunoni. Akiketi, mkono ule uwekwe juu ya mto au kitambaa kilichokunjwa, usining'inie. Akiwa amelala na hawezi kujigeuza, ageuzwe kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, vidonda visiingie. Kisha, mara tu mganga akiruhusu, aanze kufanya kazi. Ubongo uliojeruhiwa hujifunza upya kwa kurudia kitu kile kile mara nyingi sana, kama mtoto wa darasa la kwanza anavyojifunza kuandika herufi. Vidole vilivyo vizito vipewe ndagala za kuchambua, maharagwe ya kutenga, kipande cha wavu cha kushona. Mvuvi atafanya bidii zaidi kwa wavu kuliko kwa mpira wa hospitali, maana wavu anaujua na unamngoja.

Kuna na hila moja ya kioo, rahisi hata inachekesha. Katika miaka ya 1990 mganga V. S. Ramachandran aliwaketisha watu waliokatwa mkono mbele ya kioo kilichosimama wima, ili mkono mzima uonekane mahali pa ule uliokosekana. Na wengine wakapata nafuu ya maumivu. Baadaye hila hiyo ilipelekwa kwa wenye kiharusi. Mgonjwa anaficha mkono uliopooza nyuma ya kioo, anautazama mzima ukicheza ndani ya kioo, huku akijaribu kuuchezesha na ule uliofichwa. Macho yanaushawishi ubongo. Wengi wamepata faida, na gharama ni bei ya kioo cha sokoni.

Joto nalo lina hatari yake. Maji ya moto au kitambaa cha moto juu ya goti lenye baridi yabisi ni faraja ya kweli. Lakini mguu wa mwenye sukari, au wa mtu aliyepata ukoma, huenda hausikii moto. Utamchoma na hatalia. Utamwona akicheka na kuzungumza, na kesho malengelenge, na baada ya mwezi labda kisu cha mganga. Pima maji kwa kiwiko chako mwenyewe.

Na kwa kuwa nimeutaja ukoma, nikae hapo kidogo, maana katika jimbo letu la Tanganyika ugonjwa huo haujakoma. Zamani watu waliamini kwamba ukoma wenyewe unakula vidole. Mganga Paul Brand, aliyefanya kazi Vellore nchini India tangu mwaka 1946, alionyesha kwamba sivyo: vijidudu vinaua mishipa ya fahamu, maumivu yanatoweka, na mtu anajichoma na kujikata bila kujua mpaka vidole vinaharibika. Kwa hiyo anayeyapoteza maumivu amempoteza mlinzi. Dawa za kuua vijidudu vya ukoma zipo, zinamalizwa kwa miezi 6 au 12, na tangu mwaka 1995 zinatolewa bure duniani. Ila mguu uliokwisha kufa ganzi utabaki hivyo, na utahitaji matunzo ya kila siku: kuuloweka katika maji yasiyo ya moto kwa muda wa nusu saa hivi, kuusugua ugumu wa ngozi kwa jiwe laini, kuupaka mafuta ungali na unyevu, kuuangalia vema chini ya unyayo, kuvaa viatu. Yezu Kristu aliwaosha mitume miguu. Sisi katika ibada ya Alhamisi Kuu tunaona miguu kumi na miwili ikioshwa mbele ya altare; ya mtu wa ukoma wa mtaa wetu inaoshwa na nani siku ya Ijumaa?

Jambo la tatu ni wimbo na ngoma, na hapa sisi walimu tuna utajiri ambao hospitali nyingi hazina. Kiharusi kikipiga upande wa kushoto wa ubongo, mara nyingi mtu hupoteza maneno. Anajua anachotaka, lakini ulimi haumletei. Na bado, ajabu ya Mungu, wengi wa watu hao wanaweza kuimba. Mzee mmoja wa jumuiya yetu, mvuvi, alikaa miezi bila kutamka jina la mke wake. Jumapili moja watoto wa shule walipita kumwimbia nyimbo za Bikira Maria, naye akaingia katikati ya wimbo na maneno yake yote, mpaka mwisho wa shairi. Mkewe alitoka nje ili alie. Walioona wakasema ni muujiza; mimi sikuwakatalia wala sikuwakubalia, ila niliwaeleza kwamba mwaka 1973 waganga watatu wa Boston, Marekani, waliandika juu ya njia ya kuwafundisha wagonjwa kama hao kusema kwa kuwaanzisha na kuimba. Mgonjwa huimba maneno mafupi ya kila siku, naomba maji, nataka kuketi, kwa sauti ya juu na ya chini, huku mkono wa kushoto ukipigapiga mapigo polepole. Siku kwa siku wimbo unapunguzwa, mpaka yabaki maneno. Si wote wanaofaulu. Lakini kumwimbia hakudhuru kitu.

Ngoma nayo inafanya kwa miguu kile ambacho wimbo unafanya kwa ulimi. Katika miaka hiyo ya 1990 huko Colorado, Michael Thaut na wenzake waliwapa watu wa kiharusi mapigo ya muziki yaliyo sawasawa ili watembee kwa kuyafuata, na hatua zao zikawa ndefu zaidi na zenye kulingana. Nasi tuliozaliwa penye ngoma tulihitaji kuambiwa hayo na Colorado! Anzeni na mapigo ya polepole, yalingane na hatua ambayo mgonjwa anaiweza leo, wala si ile mnayoitamani. Mtu mmoja asimame upande wake dhaifu. Akichoka, ngoma inyamaze.

Sasa dawa za miti. Nawasikia Wakristu wengine wakisema kwamba kila jani ni la shetani. Lakini kwinini ilitoka katika ganda la mti wa milima ya Peru, na katika karne ya 17 Wayezuiti waliisambaza Ulaya hata ikaitwa unga wa Wayezuiti. Dawa ya malaria tunayomeza leo ilitokana na mmea wa Kichina, na bibi Tu Youyou, aliyeitafuta, alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2015. Ng'ambo ya ziwa letu, huko Karema, aliishi Adrien Atiman, ambaye kila katekista angefaa kulijua jina lake. Alizaliwa karibu na mto Niger, akaibwa na kuuzwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na Mapadri Weupe. Kardinali Lavigerie alimtuma Malta asomee uganga, kisha akatumwa kwenye ziwa Tanganyika, akawa mganga na katekista hapo Karema zaidi ya miaka 60, hata kufa kwake mwaka 1956. Alijua dawa za Wazungu, tena alijifunza na miti ya wenyeji, bila kuona kwamba moja inaitukana nyingine.

Hata hivyo Atiman alijua anachompa mtu. Jani linaweza kuwa na nguvu ya kweli, na kwa hiyo linaweza kupigana na kidonge, au kuichosha figo ambayo sukari imekwisha kuidhoofisha. Mgonjwa anayekunywa dawa ya miti na amweleze mganga wa hospitali bila kuficha, na mganga naye asimkaripie, maana akimkaripia leo, kesho atafichwa. Kuchanja ngozi kwa wembe juu ya mguu wenye ganzi au wa mwenye sukari kukataliwe kabisa. Kidonda hicho hakiponi upesi, na wembe unaleta maradhi mengine.

Na kuna kitu kisichopatanishwa na chochote, nacho ni ramli. Kanisa halikatazi ramli kwa ajili ya wivu. Linakataza kwa sababu ramli haitibu kiungo, bali humtafuta mtu wa kushtakiwa. Mfikirini ugonjwa wa konzo, ambao mganga Trolli aliuandika mwaka 1938 kutoka nchi ya Kwango, magharibi ya Kongo yetu. Mtu analala mzima, na baada ya siku moja au mbili miguu yake yote miwili imekakamaa. Mara nyingine watoto kadhaa wa nyumba moja hupatwa katika majira yale yale. Nani asingesema ni uchawi? Na kumbe ni sumu ya mihogo michungu iliyolowekwa siku chache kuliko inavyotakiwa, hasa wakati wa njaa, walaji wakiwa hawana samaki wala maharagwe ya kuambatana na ugali. Mahali pengine bibi mzee amefukuzwa kijijini kwa kosa la maji na mihogo. Mguu wa mtoto haukunyoka kwa kufukuzwa kwake, na mihogo ikaendelea kuliwa vile vile.

Je, sala na sakramenti zinaingia wapi? Zinaingia mlangoni, pamoja na mjomba na shangazi, si baada ya wote kukata tamaa. Bado wapo wanaomwogopa padri akija na mafuta matakatifu, wakidhani amekuja kumfunga mgonjwa macho. Mwaka 1972 Papa Paulo VI alitengeneza upya ibada hiyo, inayoitwa Mpako wa Wagonjwa, ili ieleweke kwamba si ya wanaokata roho peke yao. Mwenye ugonjwa mzito wa muda mrefu aweza kuipokea, na kuipokea tena hali yake ikizidi kuwa mbaya. Tangu mwaka 1993 Kanisa linaadhimisha pia Siku ya Wagonjwa Duniani kila tarehe 11 Februari. Mtume Yakobo aliagiza wazee wa Kanisa waitwe, wasali, wapake mafuta. Hakuagiza wamzuie mganga mlangoni.

Wengine humwambia mgonjwa: huu ni msalaba wako, tulia uubebe. Neno jema, lakini linasemwa vibaya. Msalaba hubebwa kwa kutembea. Yule mtu wa Betzata aliyelala miaka 38 kando ya maji aliulizwa na Bwana kwanza kama anataka kuwa mzima, naye akajibu kwamba hana mtu wa kumtia birikani. Jibu hilo tulisikie vizuri. Hakusema hana dawa. Alisema hana mtu.

Yule mwenye kupooza wa Kafarnaumu alikuwa na watu wanne. Marko mtakatifu hatuambii majina yao, wala kama walikuwa ndugu zake. Anatuambia tu kwamba walipoona mlango umejaa watu walipanda juu, wakaitoboa dari, wakamteremsha na kitanda chake. Baada ya mkutano wa Alma-Ata mwaka 1978, Shirika la Afya Duniani lilianza kufundisha jambo lililo karibu na hilo: kwamba mazoezi ya viungo yasingoje hospitali kubwa iliyo mbali, bali yafanyike nyumbani na kijijini, kwa mikono ya ndugu na majirani waliofundishwa na mwenye ujuzi.

Basi jumuiya yenye mgonjwa wa namna hiyo ichague watu wanne. Mmoja amsindikize hospitali na kukumbuka siku ya dawa. Mmoja ajifunze kwa mganga wa mazoezi jinsi ya kumgeuza na kumkanda, awafundishe wa nyumbani. Wa tatu awe na zamu ya kuosha na kuangalia miguu. Wa nne ajenge uani kitu ambacho fundi yeyote wa Kalemie anaweza: nguzo nne zilizochimbiwa imara, na fito mbili ndefu zilizolainishwa zimefungwa juu yake, zifike kiunoni mwa mgonjwa, na nafasi katikati ya kumtosha yeye tu. Hapo ndani ataanza kusimama, kwanza kwa kuhesabu hadi kumi. Watoto wa shule watakuja na ngoma saa kumi jioni, jua likiisha kupungua.